Kurudia Usukani

Liko swali ambalo watu wa Voi hawana haja ya kulitafuta katika vitabu vya falsafa, kwa maana hupita mbele ya milango yao usiku na mchana. Mtu amekuwa dereva wa lori miaka mingi. Siku moja lori lake likapinduka. Amelala hospitali, amerudi nyumbani kwa magongo, amekaa miezi akisikiliza malori ya wenzake yakipanda kutoka Mombasa na yakishuka kutoka Nairobi. Sasa mfupa umeunga, na mwenye gari ameleta habari kwamba liko lori lisilo na dereva. Je, imempasa mtu huyu kurudia usukani? Na akirudi, ni kitu gani kinachompa haki ya kurudi?

Msomaji, usifanye haraka kujibu. Wazee wetu walijibu kabla yako, na majibu yao hayakupatana. Anayetaka dereva arudi atakuambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asiyetaka arudi atakuambia kwamba mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Atatokea wa tatu, aghalabu mama yake dereva, naye atasema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, afadhali mwanangu achekwe. Methali hizi zote ni za kweli, kila moja mahali pake. Lakini methali haikuambii mahali pake ni wapi. Kazi hiyo umeachiwa wewe.

Nitakuambia mapema ninakoelekea, maana si vema mwalimu kumficha mwanafunzi njia. Naona kwamba watu wengi humwuliza dereva huyu swali lisilo lake. Humwuliza, "Je, umeacha kuogopa?" Naye, kwa kuwa ana haya na ana njaa, hujibu kwamba ameacha. Swali linalompasa ni jingine: "Ukiogopa, unaweza kusimama?" Swali hili ni gumu zaidi, na utaona kwamba haliwezi kujibiwa na dereva peke yake.

Ili tusipotee katika maneno matupu, tumfikiri dereva mmoja. Ni dereva wa mfano tu, kwa hiyo simpi jina. Nyumba yake iko Mwatate, chini ya milima ya Taita. Ana mke, ana mama mzee, ana watoto watatu, na mkubwa wao yumo katika shule ya sekondari. Jioni moja, kati ya Maungu na Voi, pikipiki isiyo na taa ilikatiza mbele yake. Alikanyaga breki, akaukata usukani, trela likamshinda, lori likalala ubavu. Yeye alivunjika paja. Mpanda pikipiki alikufa pale pale. Polisi walipima alama za tairi, wakasikiliza mashahidi, na mwisho wake dereva hakuonekana na kosa. Amekaa nyumbani miezi minane.

Nimechagua kwa makusudi dereva asiye na kosa. Kama alikuwa amelewa, au alikuwa akilipita gari jingine mahali pasipo na nafasi, jambo lingekuwa jepesi kwetu, kwa sababu tungeiachia sheria. Jambo huwa zito pale ambapo sheria imekwisha kusema neno lake, na bado moyo haujanyamaza.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana mtu asiyeijua humhukumu dereva kama aliyepanda baiskeli. Barabara ya Mombasa na Nairobi ni ya kilomita zipatazo 480, na Voi iko kama thuluthi moja ya njia kwa atokaye pwani. Kutoka Mombasa wapita Mariakani penye mizani, wapita Samburu na Taru katika nyika kavu, wapita Mackinnon Road, kisha Maungu, na ndipo mlima wa Sagalla unapokuonyesha kwamba Voi i karibu. Mbele ya Voi njia yapita kati ya mbuga mbili za Tsavo, ya Mashariki na ya Magharibi, mpaka Mtito Andei, na huko ndovu na nyati ni wenye njia kabla ya lami. Sehemu kubwa ya barabara hii ni nyofu. Mgeni hudhani kwamba njia nyofu ni njia salama. Dereva wa siku nyingi anajua kwamba unyofu huleta usingizi, na kwamba humshawishi mtu kumpita mwenzake kabla hajajua hakika ya taa anazoziona mbele.

Sasa fikiri uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari huruhusu lori kubwa, lenye ekseli za kutosha, kufika tani 56, gari na shehena pamoja. Ndovu dume mkubwa aweza kupata tani 6. Basi lori hilo ni kama ndovu tisa wanaokimbia ndani ya ngozi moja. Sheria ya Kenya huliruhusu kwenda kilomita 80 kwa saa wala si zaidi, na katika mwendo huo hula mita 22 kila sekunde. Kati ya jicho kuona na mguu kufika kwenye breki hupita sekunde moja au moja na nusu. Maana yake ni kwamba mita 22 hadi 33 zimekwisha kupita kabla breki haijaanza kazi. Mwalimu wako wa fizikia amekufundisha kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayopasa kuzimwa huzidi mara nne. Darasani hiyo ni hesabu ya kuandika ubaoni. Katika mteremko wa kutoka Wundanyi kwenda Mwatate ni harufu ya breki zinazoungua, na dereva asiyeteremka kwa gia ndogo atajifunza somo hilo mahali ambapo hapana nafasi ya kurudia mtihani.

Kwa hiyo anayeuliza kama dereva ana haki ya kurudi haulizi habari za maisha ya mtu mmoja. Tarehe 30 Juni mwaka 2023, penye njia panda ya Londiani katika kaunti ya Kericho, lori moja lilipoteza mwelekeo likawavamia watu waliokuwa kando ya barabara, wenye kuuza na wenye kungoja magari, na zaidi ya watu 50 walikufa. Wale waliosimama pale na ndizi zao na mifuko yao hawakuwa wamekubali hatari yoyote. Mvuvi akirudi baharini baada ya chombo chake kuzama, hatari iliyo kubwa ni yake na ya mabaharia wake. Dereva akirudi barabarani, hatari ni ya mtoto anayevuka kwenda kisimani. Ndiyo sababu siridhiki mtu anaposema, "Ni maisha yake, mwacheni achague." Ni maisha yake, lakini si yake tu.

Turudi kwa dereva wetu nyumbani Mwatate. Amekuwa akiambiwa kila siku kwamba hana kosa. Wageni wanaokuja kumjulia hali husema, "Ndugu, usijisumbue, ajali haina kinga." Methali hii, niruhusu niseme kidogo, imechoshwa kwa kutumiwa vibaya. Katika kinywa cha mfariji ni dawa. Katika kinywa cha mtu aliyelitoa lori lenye tairi zilizokwisha, akamkabidhi mwenzake kwenda nalo Nairobi, ni njia ya kunawa mikono. Ajali nyingi zilikuwa na kinga, na kinga hiyo iliuzwa kwa bei ya tairi.

Lakini tuseme kwamba kwa dereva wetu methali ni kweli. Mbona basi halali? Mwaka 1976 mwanafalsafa wa Uingereza, Bernard Williams, aliandika makala juu ya bahati na maadili, na ndani yake alitoa mfano wa dereva wa lori ambaye, pasipo kosa lake, amemgonga mtoto. Alisema kwamba majuto ya dereva huyo si sawa na masikitiko ya mtu aliyesimama akitazama. Sisi wengine tutamfariji, tena yatupasa kumfariji. Walakini tungemtilia shaka dereva ambaye angefarijika upesi mno. Fikiri neno hili vizuri, msomaji. Twamwambia dereva asihuzunike, na wakati huo huo, kama hakuhuzunika, twamwogopa. Si kwamba sisi ni wanafiki. Twajua tu kwamba mtu aweza kuwa safi mbele ya hakimu na bado awe na deni ambalo halina hati. Mkono wake ndio ulioushika usukani. Hakuna mwingine duniani ambaye jambo hili lilitendeka kupitia mikononi mwake.

Deni la namna hii hulipwaje? Hapa watu wa milima hiyo hiyo walikuwa na hekima ambayo haimo katika makala ya Williams. Wadawida, ambao wengine huwaita Wataita, walikuwa na ibada ya kutasa. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya jamaa, ya jirani au ya wahenga, huweza kuleta maradhi na msiba. Basi mtu aliyekuwa na hasira, au aliyedhaniwa kuwa nayo, alitwaa kinywaji, pengine maji ya miwa, akakipuliza kutoka kinywani huku akitamka maneno ya heri na amani, na kwa kufanya hivyo aliitoa hasira hadharani. Mtaalamu Grace Harris, aliyeishi kati yao mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliieleza ibada hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1978. Leo wengi wa watu wa Taita ni Wakristo, na wengine ni Waislamu, na sikuambii kwamba uamini kuwa hasira ya shangazi yaweza kupasua tairi. Nakuambia utazame jambo moja ndani ya desturi ile: ilikiri kwamba msiba huacha kitu kati ya watu, na kwamba kitu hicho hakiishi kwa kukaa kimya, bali hutolewa kwa kinywa mbele ya wenziwe.

Dereva wetu hajafika nyumbani kwa mpanda pikipiki. Mwanzo hakuweza kwa sababu ya mguu. Baadaye hakwenda kwa sababu wakili wa mwenye gari alisema kwamba akienda ataonekana kama mwenye kukiri kosa. Labda wakili alisema sawa kwa kazi yake. Lakini yuko mama mwingine upande wa Maungu ambaye kwa miezi minane amesikia tu kwamba dereva "hakuonekana na kosa", wala hajawahi kuona uso wa mtu huyo ukiwa na huzuni. Naona kwamba safari ya kwanza ya dereva huyu haitakuwa ya kwenda Nairobi. Itakuwa ya kwenda kwa mama huyo, pamoja na mzee mmoja wa kumsindikiza, kwa miguu au kwa matatu. Akipokewa, ashukuru. Asipopokewa, arudi kimya. Huzuni ya mwenzake haina wajibu wa kumpa ruhusa. Sisemi kwamba bila safari hiyo hawezi kuendesha. Nasema kwamba atakuwa akiendesha na abiria ambaye hakumkaribisha.

Sasa tuje kwenye hofu, maana ndiyo inayosemwa sana vijiweni.

Aristotle, Myunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba ushujaa umekaa kati ya woga na ushupavu wa kijinga. Mtu asiyeogopa kitu chochote hakumwita shujaa. Alimhesabu kuwa kama mwenye wazimu, au kama mtu asiyesikia maumivu. Hilo ni neno la kukumbuka mwenye gari anapotafuta dereva "asiyeogopa". Dereva asiyeogopa tani 56 hajui anachokishika.

Lakini hofu nazo si za namna moja. Iko hofu inayosema mapema. Humwambia dereva kabla hajaondoka: ile tairi ya nyuma itazame tena, mzigo umeelemea upande, macho yako yamechoka, giza laingia. Hofu hii ni mtumishi mwema, na dereva aliyepata ajali aweza kuwa nayo nyingi kuliko zamani, naye akawa bora kwa sababu yake. Iko na hofu ya pili, ambayo haimwambii neno lolote. Humkamata. Kivuli cha mti kikipita mbele ya taa, mguu hurukia breki wenyewe. Lori la mwenzake likija upande wa pili, mikono hukaza, jasho hutoka, na kwa nukta chache hayuko tena barabarani bali yuko kule kule Maungu, jioni ile ile. Madaktari wanaijua hali hii, na wanajua kwamba huja katika ndoto, na mchana pia, bila kuitwa. Si aibu, wala si ukosefu wa uanaume. Ni jeraha, kama paja lilivyokuwa jeraha, ila halionekani katika picha ya eksirei. Mtu hatembei juu ya mfupa ambao haujaunga, hata akichekwa namna gani; wala jeraha hili halipoi kwa kuchekwa. Hupona kwa muda, kwa mazungumzo na mtu anayejua kusikiliza, kwa kuirudia njia kidogo kidogo, na wengine hupona kwa msaada wa daktari. Maadamu hofu ya pili ndiyo inayotawala, dereva asirudi, hata cheti cha mguu kikisema amepona.

Na hofu ya kwanza je, itamfaa nini? Hapa nataka nikutoe Taita kidogo nikupeleke Ulaya na Japani, kwa sababu yuko dereva mmoja ambaye habari zake zaonyesha jambo hili vizuri. Hakuwa dereva wa lori. Alikuwa dereva wa magari ya mashindano. Tarehe 1 Agosti mwaka 1976, katika mashindano ya Nürburgring huko Ujerumani, gari la Niki Lauda, Mwaustria, lilipata ajali likawaka moto. Aliungua kichwani na usoni, akavuta moshi wenye sumu, hata kasisi aliletwa kitandani kwake. Siku 42 baadaye, tarehe 12 Septemba, alikuwa Monza, Italia, ndani ya gari, vidonda vyake havijakauka, na alimaliza wa nne. Habari hii hupendwa sana na wasimulizi wa ushujaa, nao aghalabu hukomea hapo.

Mimi napenda sehemu inayofuata. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo, katika Fuji huko Japani, yalikuwa mashindano ya mwisho, na Lauda alikuwa akiongoza kwa pointi. Mvua ilinyesha mno, ukungu ukafunika njia. Aliendesha mizunguko miwili, akarudi mahali pa mafundi, akashuka. Alisema kwamba ilikuwa hatari kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba wakuu wake walitaka kumsitiri kwa kutangaza kuwa mtambo umeharibika, naye akakataa kusitiriwa. Ubingwa wa dunia ulikwenda kwa James Hunt kwa tofauti ya pointi moja. Mwaka uliofuata Lauda aliuchukua tena, na mwaka 1984 akauchukua mara ya tatu.

Kati ya Monza na Fuji, ni wapi alipokuwa shujaa zaidi? Darasani wanafunzi husema Monza. Nami nawauliza: ni mtu gani ungemkabidhi lori lenye petroli kutoka Mombasa, yule anayeweza kupanda gari hali vidonda vyake vyavuja, au yule anayeweza kushuka hali dunia nzima yamtazama? Kurudi kwa Lauda kulikamilika Fuji, siku aliposikia hofu ikisema mapema, akaitii.

Lakini usimalize habari hii kwa furaha, msomaji. Iko tofauti kubwa kati ya Lauda na dereva wetu wa Mwatate, wala haimo mioyoni mwao. Lauda aliposhuka alipoteza ubingwa, hakupoteza chakula. Dereva wetu akisimama Maungu kwa sababu macho yamechoka, mzigo utachelewa Nairobi, mwenye mzigo atamlaumu mwenye gari, na mwenye gari atakumbuka kwamba wako vijana kumi langoni wenye leseni na wasio na kigugumizi cha kuendesha usiku. Dereva anayelipwa kwa safari, akilala, analala juu ya fedha yake. Basi hofu yake yaweza kuwa imesema vema, tena mapema, na bado asiwe na uwezo wa kuitii. Hofu ya mtu kama huyo haimfai neno, yamtesa tu.

Sheria haikusahau jambo hili. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, hukataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Fanya hesabu. Lori lenye mzigo likipata wastani wa kilomita 50 kwa saa, kilomita 480 ni saa 9 na zaidi, wala hatujahesabu foleni ya mizani. Kwa hiyo sheria yenyewe humwamuru dereva kulala njiani, na Voi, Maungu na Mtito Andei, pamoja na vyumba vyao vya wageni na chai yao ya usiku, ni miji ambayo sheria ingeijaza kila jioni. Mwenye gari anayepanga safari ya Mombasa na Nairobi kuwa ya usiku mmoja kwa dereva mmoja amekwisha kuivunja sheria akiwa kitini kwake, kabla dereva hajawasha mtambo. Likitokea la kutokea, dereva ndiye atakayepimiwa alama za tairi. Kiti kile hakipimwi.

Ndivyo ilivyo pia kwa ile miezi ya nyumbani. Iko sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya walioumia kazini, nayo humpa mfanyakazi aliyeumia haki ya fidia. Kwa dereva aliyeajiriwa kwa neno la mdomo, asiye na karatasi, njia ya kuipata haki hiyo ni ndefu. Miezi mitatu ya kwanza huuza mbuzi. Miezi mitatu ya pili hukopa. Mwezi wa nane mwenye gari akituma habari, dereva hujibu "nimepona" kabla hajaulizwa. Je, mtu huyu amechagua kurudi? Njaa imemrudisha, kama mkondo unavyorudisha gogo ufukweni, na gogo halina sifa ya ushujaa wala lawama ya woga.

Nawe unayesoma, yamkini u mtoto wa dereva, au wa utingo, au wa mama muuza chai penye maegesho ya malori. Karo yako inatoka barabarani. Sikwambii haya ili usome kwa huzuni. Nakuambia kwa sababu siku baba atakapokaa kitako na kusema kwamba hataki kurudi tena, atautazama uso wako kwanza.

Maana kutorudi nako ni jibu, wala tusilipe jina la woga. Taita Taveta ina mashamba ya milimani, ina shamba kubwa la mkonge la Mwatate, ina machimbo ya vito, ina miji inayojengwa. Kazi hizi nyingine hulipa kidogo, nyingine zina hatari zake. Dereva anayesema, "Hofu yangu ni ya namna ya pili, nayo haijaondoka, sitawachukulia watu maisha yao dhamana," huyo amefanya kama Lauda kule Fuji, tena pasipo mtu wa kumpiga picha. Watu watasema amevunjika moyo. Wacha waseme.

Tuseme hata hivyo kwamba dereva wetu amepima, ameona kwamba hofu yake husema na haikamati, naye ataka kurudi. Afanyeje? Hapa sina elimu kubwa ya kukupa. Nina mambo ambayo akili ya kawaida hufundisha. Aende kwanza mahali pa ajali kwa miguu, mchana, asimame hapo mpaka pawe tena mahali penye miti na mawe. Aanze na safari fupi, mathalani Voi na Mwatate, halafu Taveta kwa njia ya Bura na Maktau. Ni njia ya kilomita 110 hivi, na malori yake ni machache kuliko ya barabara kuu. Awe na utingo mtu mzima, anayeweza kumwambia "umechoka" bila kuogopa kufukuzwa. Usiku aache kwanza. Na kabla ya yote aseme na mwenye gari, wala asiseme habari za mguu. Aseme, "Mzee, nitakapoona siwezi kuendelea, nitasimama. Je, utakubali?" Jibu la swali hilo ni muhimu kuliko cheti cha daktari. Akijibiwa kwa kicheko, ajue kwamba anaitwa kwenye lori lile lile lililompindua.

Yako mengi ambayo swali hili halitafika mwisho wake mpaka yatendeke. Fikiri safari yake ya kwanza kutoka pwani. Saa kumi na mbili za jioni zinakaribia, naye yu Mackinnon Road, mahali penye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, ambapo wasafiri wengi, hata wasio Waislamu, wamezoea kusimama kidogo kabla ya kuendelea. Mbele ni Maungu, na baada ya Maungu ni pahali pale. Kwa hesabu ya kilomita angefika Voi usiku wa mapema, na kesho mchana angekuwa Nairobi. Jua linazama nyuma ya vilima vya Taita. Hofu imemsemesha kwa sauti yake ya kawaida, bila kumkamata: si leo, ngoja asubuhi. Amelitoa lori barabarani, ameweka mawe nyuma ya tairi, utingo ameanza kukoka moto wa chai. Simu inalia. Mwenye gari anauliza yuko wapi, naye anajibu kwa ukweli kwamba amesimama, na kwamba ataondoka kukipambazuka. Upande wa pili wa simu yuko mtu mwingine, mwenye hesabu zake na wateja wake, na hajajibu bado.